Kiwavi Aliyegeuka Nusu

Mjomba Njue,

Amegeuka! Nusu yake imegeuka, Mjomba, na nusu yake bado. Kutoka kichwani mpaka kwenye uzi niliomfunga katikati ni pupa kamili, wa kahawia, mgumu, anang'aa kama benchi la kanisa lililopakwa vanishi. Kutoka kwenye uzi mpaka mkiani ni kiwavi yule yule wa siku zote, laini, na ile pembe yake ndogo ya nyuma imesimama kama kawaida. Ngozi ya zamani ya mbele imevuka ikajikunja pale kwenye uzi kama soksi. Nimemwona kwa macho yangu. Mama amemwona. Hata Mzee Ireri, mkuu wa kijiji chetu, amemwona, na alivua kofia ili ainame vizuri.

Najua ningeanza na salamu. Mkono umekataa kusubiri. Niko darasani peke yangu, wenzangu wako nje wanapiga kelele na mpira wa matambara, na mimi naandika.

Sasa salamu. Cucu, mama yako, ni mzima ila magoti. Mama, dada yako, ni mzima, na leo ni mzima zaidi, nitakuambia kwa nini. Nyaga, ndugu yangu mdogo, ameota meno ya mbele na anacheka ovyo ili watu wayaone. Baba bado yuko kizuizini. Kadi yake ya mwisho ilisema ana afya njema na tusiache kumpalilia migomba yake. Sisi hatujambo, ila wewe hupo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea. Unakumbuka ulivyoniambia kwamba barua zote za kwenda Meru zinafunguliwa ofisini, na karani wa kuzisoma ametoka mbali? Tukiandika Kiembu atazishikilia mpaka apate mtu wa kumtafsiria. Tukiandika Kiingereza ataona tunajivuna. "Tumhurumie karani, Marigu," ukasema. "Tumwandikie kitu anachoweza kusoma huku akinywa chai." Maskini, sijui alifikiria nini juu ya habari zote zile za damu ya panzi. Barua hii hataiona. Lakini Kiswahili kimekuwa lugha yetu, mimi na wewe, na siwezi kuibadilisha leo.

Hapa bado wanakuita Njue wa wadudu. Cucu akilisikia jina hilo siku hizi anatabasamu, na mimi nakumbuka lilivyomuudhi zamani. Siku uliporudi kutoka chuo kule Kampala alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mwanawe amesomea udaktari. Jogoo akachinjwa. Jirani mmoja akamleta mtoto wake mwenye upele, akamweka mbele yako. Ukamtazama mtoto, ukamtazama Cucu, ukasema, "Mama, mimi ni daktari wa panzi." Cucu hakusema nawe mpaka jogoo akaisha.

Kisha ukapata kazi Meru, kwenye kituo kile cha kuchunguza wadudu wa kahawa. Ulikuwa unawalea, unawalisha, unawapima, ili Mzungu wa kituo ajue ni dawa gani itawaua. Ulipokuja nyumbani likizoni ulinipeleka kwenye shamba la viazi vitamu la Cucu, ukafunua majani, ukanionyesha kiwavi mnene kuliko kidole chako. "Bwana mkubwa anataka kujua nini kinamuua," ukaniambia. "Mimi nataka kujua nini kinamgeuza. Huyu anakula, anakula, anakula. Siku moja anaacha. Anashuka chini, anaingia udongoni, anakuwa pupa, anatoka nondo mwenye mabawa. Nani amemwambia acha?"

Mimi nikasema, Mungu.

"Sawa," ukasema, "lakini Mungu ametumia nini?"

Swali hilo halijawahi kunitoka, Mjomba. Nalala nalo, naamka nalo. Ukanieleza kwamba ndani ya kichwa cha kiwavi kuna sehemu ndogo kuliko punje ya wimbi. Wakati ukifika, sehemu hiyo inatoa kitu kidogo sana ndani ya damu, na kitu hicho kinaamsha tezi iliyo kifuani, na tezi nayo inatoa chake, na damu inakibeba mwili mzima mpaka mkiani: geuka. Ukalitaja jina lake, homoni, polepole, kama unanikabidhi yai. Ukaniambia wataalamu wa ng'ambo walifunga viwavi wao kwa uzi katikati, damu ya mbele isifike nyuma, na mbele ikageuka, nyuma ikabaki. "Wa kwao nimewasoma," ukasema. "Wa kwetu nataka kuwaona."

Na hatukuwaona. Likizo ile yote tulifunga viwavi. Wale tuliowatoa kwenye majani walikataa kula, wakanywea, wakawa weusi. Wale tuliowachimbua udongoni waligeuka wote, mbele na nyuma, kama vile uzi haukuwapo. Nilitaka kulia. Wewe ulikaa juu ya tuta ukitafuna shina la jani, ukasema, "Ama tunawahi mno ama tunachelewa mno. Kuna siku ya katikati, Marigu. Hiyo ndiyo hatuijui."

Nyaga alikuwa bado mdogo sana. Alimchukua pupa mmoja tuliyeshindwa naye, akamshika kiunoni kama watoto wote wa hapa wanavyofanya, mkia ukiwa juu, akamuuliza mahali baba alipo. Mkia ukazunguka, ukaelekea mtoni. Nyaga akakimbia mtoni kumpokea baba. Ukaniambia pembeni, "Hajui chochote yule. Kiuno chake ndicho pekee kinachoweza kusogea, na hapendi kushikwa. Lakini usimwambie Nyaga." Sijamwambia mpaka leo.

Baadaye ulirudi Meru, na Hali ya Hatari ikazidi kukazwa, na njia zikafungwa. Barua yako ya mwisho ilisema unakohoa kidogo na kwamba viazi vitamu vya huko vina viwavi wadogo kuliko wa Cucu. Kisha akaja mtu na habari. Mapafu, alisema. Hospitali ilikuwa imejaa, alisema, lakini walikuwa wema kwako. Cucu aliomba pasi ya kuvuka aje akuzike. Pasi ilitoka ukiwa umeshazikwa, na ilikuwa ya mtu mmoja, na haikuwa imeandikwa jina lake sawasawa, na askari wa daraja la kwenda Meru alimrudisha. Hayo nayaandika haraka kwa sababu sitaki kukaa hapo.

Rafiki yako wa kituoni alileta sanduku lako. Mashati mawili, Biblia, na kile kioo cha kukuzia chenye mpini wa mfupa. Cucu alikishika kioo, akatazama mkono wake mwenyewe ndani yake, akashtuka. Akanipa. "Sijui anaonaga nini humu," akasema. "Wewe unajua."

Hukukiona kijiji hiki, Mjomba. Nyumba zetu za zamani kule mteremkoni hazipo tena. Tumewekwa pamoja wote, nyumba mstari, mlango kwa mlango, na handaki kuzunguka, na miti iliyochongwa imesimikwa ndani ya handaki. Akina mama ndio waliolichimba. Kuna lango moja na kituo cha walinzi juu yake. Kwenda shambani tunakwenda kwa kundi, tukilindwa, na muda si mrefu. Filimbi ikilia unaacha kiazi ulichokuwa unakichimba na kurudi. Shamba la Cucu limekuwa msitu wa majani. Lakini sikiliza: viwavi wamejaa! Hakuna wa kuwatoa. Wanakula kama mabwana.

Nilikuwa nimeapa nitamaliza kazi yako. Lakini muda wa kufunua majani na kutafuta sikuwa nao. Mama alinihitaji kwenye viazi. Kwa hiyo niliokota wale tu waliokuwa njiani, wakitembea juu ya udongo mtupu kati ya matuta. Nilimfunga mmoja kwenye pindo la kanga, nikamtazama nyumbani kwa kioo chako. Rangi yake ilikuwa imeanza kufifia. Mgongoni mstari ulikuwa umejitokeza, mweusi, na ulikuwa unapigapiga! Moyo, Mjomba! Ule moyo mrefu uliowahi kunichorea mchangani kwa kijiti. Kwa wale wa kwenye majani haukuonekana hivyo. Nikakaa nikifikiri: kwa nini huyu anatembea? Anatembea kwa sababu ameacha kula. Ameacha kula lakini hajaingia udongoni. Yuko njiani.

Nikapiga ukelele. Mama akadhani nyoka. Siku ya katikati! Tulikuwa tunawatafuta juu ya majani na chini ya udongo, na wao walikuwa wanapita katikati ya miguu yetu!

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Niliwalaza kwenye maji baridi ya mto mpaka wakatulia. Mama hakuniuliza kitu. Alinipa uzi wa kiondo, ule mwembamba kuliko wote aliousokota pajani, akanionyesha fundo ambalo haliregei. Nilifunga wawili waliokuwa wakitembea. Nyaga akaleta wa tatu aliyemchimbua mwenyewe udongoni, akalia mpaka nikamfunga na huyo. Tukawaweka kila mmoja kwenye mkebe wake wa majani ya chai, na udongo wenye unyevu. Nyaga akakwaruza alama yake kwenye mkebe wake ili asiibiwe. Nikaisukuma mikebe yote chini ya kitanda, mahali penye baridi.

Chini ya kitanda. Ungekuwapo ungeniambia.

Walinzi walikuja kukagua nyumba asubuhi. Wanakuja mara kwa mara, wanatafuta risasi, dawa, chakula kinachopelekwa msituni. Namu, kijana wa yule fundi wa baiskeli, siku hizi ni mlinzi mwenye mkuki. Aliivuta mikebe, akaileta uani, akafungua mmoja. Udongo ndani ya chombo kilichofichwa. Ndani ya udongo, kitu chenye uhai kilichofungwa uzi. Unajua watu wanachukuliwa kwa sababu gani siku hizi. Kwa kiapo cha wapiganaji wa msituni, Mjomba. Mimi sikuelewa. Mama alielewa papo hapo, akakaa vumbini.

Mzee Ireri akaitwa. Watu wakajaa. Mzee akamtazama mama, si kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Marigu, unamfunga nani?"

Mimi nikasema ni wangu. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Namu akasema, "Huyu anaongea na tumbo lake," na watu wakacheka, na mimi nikatamani handaki linimeze pamoja na miti yake. Unajua nilivyo. Darasani najua jibu na mkono unabaki mezani kama umepigiliwa msumari. Lakini nilikusikia, Mjomba, wazi kabisa, kama ulivyokuwa ukinitania mbele ya Cucu: "Marigu, sauti yako iko wapi, umeimeza?"

"Ni wangu, Mzee!" Ilitoka kubwa mno, kuku wakatawanyika. "Ni viwavi wa viazi. Nimewafunga mimi mwenyewe. Mama hajui kitu."

"Umewafunga ili iwe nini?"

"Ili nione wakigeuka. Ninavyodhani, mbele atakuwa pupa na nyuma atabaki kiwavi."

Bibi mmoja wa nyumba ya tatu akasema, "Ngai! Hata mdudu naye anawekwa kizuizini!" Uwanja mzima ukacheka, hata Namu. Mzee Ireri hakucheka. Aliwaza, akizungusha fimbo yake. Kisha akasema, "Binti, umesema mbele ya watu. Mikebe italala kwangu kituoni. Wakishageuka tutafungua hapa hapa, mbele ya watu hawa. Ikiwa kama ulivyosema, ni masomo. Ikiwa sivyo, mama yako atapanda lori akamweleze Bwana Shauri." Bwana Shauri ni yule Mzungu wa tarafa. Waliokwenda kumweleza jambo mwaka huu hawajarudi.

Unaona nilivyojifunga mwenyewe? Swali lako lilikuwa la kupendeza, la kukaa nalo juu ya tuta. Sasa lilikuwa limeshika mkono wa mama.

Kila siku nikienda shule nilipita chini ya kituo cha walinzi. Niliogopa jua litaichoma mikebe, au udongo utakauka. Siku ya kwanza nilipita kimya. Siku ya pili nilisimama. Nikamwambia Namu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, kwamba wanahitaji maji kidogo, matone tu, na kivuli. Akaninunia. Lakini kesho yake aliniita kutoka juu, "Wewe, mwalimu wa minyoo! Nimewanyunyizia. Sasa nikamatwe mimi." Na siku nyingine: "Mmoja anapiga kelele ndani." Hawapigi kelele, Mjomba, nadhani alisikia udongo ukisogea, lakini nilifurahi kwamba alikuwa ametega sikio.

Mama hakunilaumu hata mara moja. Alisokota uzi. Alisokota uzi mwingi kuliko viondo vyote alivyonavyo.

Na leo asubuhi, kabla ya kundi la shambani kuondoka, filimbi ikapigwa na watu wakakusanyika. Lori lilikuwa langoni. Lilikuja na mahindi, lakini mama alilitazama kama lilikuja kwa ajili yake.

Mzee Ireri akafungua mkebe wa kwanza. Kiwavi alikuwa mweusi, amekufa, na harufu ilipanda. Watu wakarudi nyuma. Mzee akauweka mkebe kando. Akafungua wa pili, akachambua udongo kwa kidole, akatoa pupa. Mzima. Mbele wa kahawia, nyuma wa kahawia, na uzi wa mama umembana kiunoni kama mshipi.

"Mbele amegeuka," akasema Mzee. "Na nyuma amegeuka. Na uzi huu hapa. Wewe ulisema nini?"

Nikamwona Namu akiutazama mkuki wake. Nikamwona mama akifunga kitambaa kichwani vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Na mimi, Mjomba, utaniamini? Nilichungulia mkebe. Nikaona alama ya Nyaga. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, mahali pale, wakati ule!

"Huyu si wa kutembea!" nikasema. "Huyu alichimbuliwa! Mzee, huyu alikuwa ameshaingia udongoni kabla sijamfunga. Kichwa kilikuwa kimeshatuma ujumbe, na damu ilikuwa imeshaufikisha mkiani. Uzi umekuja umechelewa. Ni lazima ageuke wote! Angekosa kugeuka ndiyo ingekuwa ajabu!"

"Sasa unatafuta maneno," akasema Mzee.

"Fungua wa tatu," nikasema. Mimi. Nilimwambia mkuu wa kijiji fungua, bila tafadhali. Nikaikumbuka baadaye. "Tafadhali," nikaongeza.

Akafungua.

Mzee alimlaza yule wa nusu kwenye kiganja, akavua kofia, akainama. Nikampa kioo chako. Akatazama kwa muda mrefu, akampa Namu kioo, Namu akampa yule bibi wa nyumba ya tatu, na kila mtu akivuta pumzi ndani. Ni Nyaga aliyesema kwanza. "Amevaa koti la kahawia na suruali ya kijani!" akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka dereva wa lori akashuka kuja kuona. Mama hakucheka. Alifika, akagusa uzi wake kwa ncha ya kidole, pale mahali pa fundo, akasema polepole, "Halikuregea."

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo sababu nyingine barua hii haitapita ofisini.

Watu walipoanza kutawanyika Nyaga alimchukua yule pupa mzima, wake, akamshika kiunoni na kumuuliza mahali baba alipo. Mkia ukageukia mashariki. Akaridhika, akaenda kuwaambia wenzake. Alimwacha pupa mkononi mwa Mzee Ireri. Mzee alidhani nimeondoka. Unamkumbuka mwanawe mkubwa, Mugo, wa rika lako? Aliingia msituni na hajaonekana, na hakuna mtu anayelitaja jina lake mbele ya baba yake. Mzee aligeuka, akawapa watu mgongo, akamshika pupa kama mtoto anavyomshika, mkia juu. Midomo yake ikasogea. Mkia ukazunguka, ukaelekea mlimani, penye msitu.

Najua ni misuli tu. Wewe ndiye uliyeniambia. Mkono wa mzee ulikuwa wa moto na pupa hapendi kushikwa. Lakini Mzee alikaa akiutazama mlima, na vidole vyake vilimfunika yule pupa taratibu, kama mtu anayefunika kaa la moto lisizimike. Aliponiona, alinirudishia mikebe yote.

"Haya. Ni masomo," akasema. "Lakini usiifiche tena chini ya kitanda. Iweke dirishani, watu waone." Akavaa kofia. Kisha akauliza, akitazama pembeni, "Huyu mzima, atatoka lini?"

Nikamwambia atatoka mvua zikianza, akiwa nondo, na kwamba nitamwita aone. Akasema nisisahau.

Sasa naandika na kengele inakaribia kulia. Kiwavi wetu nimekuja naye, yumo kwenye mkebe wake hapa mezani. Mwalimu ameshasikia, habari zimefika shule kabla yangu, na amesema nisimame mbele nieleze. Mbele, Mjomba! Nitasimama. Ikiwa nimemwambia Mzee Ireri fungua, nitashindwa kuwaambia watoto wa darasa la saba maana ya homoni?

Na kuna kazi inayofuata, nimekwisha kuipanga. Huyu wa nusu nyuma yake bado ina uhai, ukiigusa inajikunja. Haikufa, haikuharibika, haijaambiwa tu. Kwa hiyo siku moja nitachukua damu kidogo kutoka kwa anayegeuka, nitaitia nyuma ya aliyefungwa, nami nitakaa nisubiri. Ikiwa ulisema kweli, nyuma nayo itasikia. Sina sindano nyembamba ya kutosha, na sijui damu nitaizuiaje isigande, na shule yenye vitu hivyo iko mbali na inataka nifaulu vizuri. Nitafaulu. Nakuahidi hilo hapa kwa maandishi. Nitasoma mpaka nifike pale ulipoishia, kisha nitaanza kutembea, kama wale wa njiani.

Na nakuahidi jambo la pili. Siku pasi zitakapokwisha nitakuja Meru na Cucu, tutauliza mpaka tuonyeshwe ulipolala, na barua hii nitakusomea mwenyewe, kwa sauti. Watu wa huko watashangaa. Tutawaacha washangae.

Nimejaribu kitu kabla ya kukuaga. Nimemshika huyu wa nusu, mkia juu, nikamuuliza ulipo. Hakusogea. Kiuno chake bado ni cha kiwavi, hakijui mchezo huo. Nimecheka peke yangu darasani, kisha nimelia kidogo, kisha nimecheka tena, kwa sababu nimemkumbuka yule wa pili, wa Nyaga, aliyefungwa akageuka wote. Walikufunga mbali nami, Mjomba, wakafunga na daraja. Walichelewa. Ulikuwa umeshaniambia.

Lala salama, daktari wa panzi. Kengele inalia, nami mkono wangu uko juu.

Mpwa wako,
Marigu